Betri Yenye Njaa

Dereva wa folklifti namba 4 alinifuata asubuhi akiwa amenuna. "Fundi, betri yako imekata tena kabla ya saa sita."

Yangu! Nilikuwa sijamaliza hata miaka miwili kazini, na tayari nilikuwa nimerithi lawama zote za chumba cha kuchajia.

Kilichonichosha ni kwamba kila alfajiri nilikuta taa ya kijani inawaka kwenye chaja. Imejaza, imejizima. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeshabadilisha kadi yake ya kudhibiti, baada ya kukagua fyuzi na dayodi na kuzikuta nzima. Kadi ilikuwa ghali, na nilimhakikishia bosi kwamba ugonjwa ndio huo. Ikaja kadi mpya, kijani kikawa kile kile, na betri ikaendelea kukata saa zile zile.

Jioni nikameza aibu, nikamwita mzee aliyenifundisha kazi. Hakugusa chaja. Aliuliza kama nimepima seli, vile vyumba vidogo vinavyounda betri, kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha kwa uzito wa asidi seli imejaa kiasi gani.

"Nimepima, mzee. Betri ni ya volti 48, seli 24. Haidromita inasoma 1.220 badala ya 1.280."

"Seli ngapi ziko hivyo?"

"Zote."

"Basi haiumwi. Ina njaa. Ingekuwa mbovu, ungekuta seli moja mbili zimeachwa nyuma na wenzake. Tumtafute anayekula chakula chake njiani."

Tukachomeka, tukawasha. Ampea 100, kama kawaida. Muda ulipokaribia wa chaja kupunguza moto, skrini ilisoma volti 57.6, nami nikaiandika daftarini kama nilivyokuwa nikifanya kila siku. Mzee akanipa mita yake. "Sasa pima kwenye vichwa vya betri penyewe."

55.5.

Nikarudia, nikidhani sindano za mita hazijashika vizuri. 55.5 tena. Volti mbili na ushei zilikuwa zinapotea kati ya chaja na betri, na kwa ampea 100 hizo ni wati 210 zinazogeuka joto mahali fulani. Sikuhitaji kuambiwa ni wapi. Nilipeleka kiganja kwenye plagi, nikakirudisha haraka.

Chaja haikuwa imekosea hata kidogo. Ilikuwa inapima pale inapoishia yenyewe, ikiona volti 2.4 kwa kila seli, kiwango cha kuacha chaji kubwa na kuingia ile ndogo ya kumalizia. Seli zenyewe zilikuwa bado kwenye 2.3. Kila usiku zilikuwa zinanyang'anywa sahani katikati ya mlo.

Tulizima, tukasubiri, tukaifungua plagi. Plastiki yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya chai na kulegea upande mmoja. Shaba ndani haikuwa shaba tena: nyeusi, ina vishimo kama uso wa mwenye ndui, na springi yake ukiibonyeza hairudi. Harufu ile ya plastiki iliyoungua nilikuwa nimeisikia kwa wiki kadhaa, nikadhani ni ya chumba.

Vishimo vilitokana na mikono. Madereva wakiwa na haraka walikuwa wanachomoa plagi chaji ikiendelea, bila kubonyeza kitufe cha kusimamisha kwanza. Umeme wa betri haupiti kwenye sifuri kama ule wa ukutani, kwa hiyo cheche yake haizimiki kirahisi. Inavutika na kula shaba. Na hiyo ni katika chumba chenye betri zinazotoa haidrojeni, gesi ambayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kuwaka. Mpaka leo nikikumbuka wale vijana walivyokuwa wanazivuta plagi kwa waya, mwili unanisisimka.

Tulibadilisha plagi pande zote mbili. Tofauti ikashuka hadi robo ya volti. Wikiendi ile tukaipa betri chaji ndefu ya kusawazisha, ili seli zote zijae sawa, tukaongeza maji yaliyokenekwa (distilled) mwishoni, na Jumatatu dereva wangu hakuja kununa.

Kisha nikairudisha ile kadi ya zamani. Ikafanya kazi bila shida. Nikaenda na kadi mpya mkononi hadi kwa bosi, nikamweleza yote. Alinisikiliza kimya, kisha akauliza plagi imegharimu kiasi gani. Nikamtajia. Akacheka sana, halafu akaitazama kadi na kuacha kucheka.