Samoni kwenye foleni ya Thika Road
Jana jioni matatu imekwama Thika Road, mpwa wangu anayesoma Norwe akanipigia. Siku hizi wanafuatilia samoni wanaorudi baharini baada ya kutaga mayai. "Mjomba, wamekonda kama ufito!" Miezi kadhaa mtoni bila kula, utanenepa vipi? Samaki hupasuliwa kidogo tumboni, hutiwa kifaa kama betri ya rimoti, hushonwa, huachiliwa. Kifaa hulia, na vinasa sauti vilivyozamishwa mtoni humsikia akipita. Samoni wa Pasifiki karibu wote hufa wakishataga. Wa Atlantiki, kama hawa wa Norwe, baadhi hupona, na kati ya hao wengine hukaa mtoni kipupwe kizima, hushuka barafu ikiyeyuka.

Makanga, kumbe masikio yote kwangu: "Na kilo ni ngapi?"