Macho Yakififia, Nani Atakusomea?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno lililonielemea wiki hii ni Zaburi 119:11, "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi." Tumelijua tangu Shule ya Jumapili. Lakini hebu tuulizane bila kuoneana haya: Biblia ikifungwa na simu ikazima, moyoni mmebaki nini? Wengi wetu tuna Yohana 3:16, nusu ya Zaburi ya 23, na "Yesu akalia machozi," ambao tuliukariri kwa sababu ni mfupi.

Nimeliwaza hilo kwa sababu ya mtu ambaye pengine hamkumtarajia kwenye tafakari: Judi Dench, mwigizaji wa Uingereza. Kazi yake ni maneno ya kukariri, na macho ya kuyasomea yamemwacha.

Alizaliwa York, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 9 Desemba 1934. Baba yake alikuwa daktari, ndiye pia aliyewatibu waigizaji wa ukumbi wa Theatre Royal mjini hapo. Alisoma The Mount, shule ya wasichana ya Marafiki, dhehebu la Kikristo liitwalo pia Quakers, na huko akaingia katika imani yao. Ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya wanawajua Marafiki tangu misheni ya Kaimosi ya 1902, ila ibada ya kwao ina nyimbo na mahubiri kama zetu. Marafiki wa Uingereza wao hukaa kimya. Hakuna kwaya wala mhubiri. Watu huketi wakimngojea Mungu, na aliyesukumwa rohoni husimama, akasema machache, akaketi. (Sisi dakika moja tu ya ukimya, mtu tayari ameshaanza pambio.)

Miaka ya 1950 alishiriki michezo ya kale ya Biblia inayochezwa York, ile inayoanzia Uumbaji hadi Siku ya Hukumu, na mwaka 1957 akawa Mariamu mama wa Yesu. Mwaka huohuo kundi la maigizo la Old Vic likampa nafasi ya msichana Ophelia katika Hamlet, mchezo wa Shakespeare. Wahakiki wengi hawakumsifu, na kundi lilipokwenda Marekani, Ophelia akapewa mwingine, yeye akabaki na nafasi ndogo. Hakususa. Alisafiri nao, akacheza alichopewa. Watu wa filamu nao walimwambia mapema kwamba sura yake haifai kamera. Jukwaani akapanda, akiigiza wahusika wa Shakespeare: Lady Macbeth mwaka 1976 katika kibanda cha bati huko Stratford, Cleopatra mwaka 1987. Filamu zilimjia kwa uzito akiwa amepita miaka 60. Tangu 1995 aliigiza bosi wa jasusi James Bond, na mwaka 1999 akapata tuzo ya filamu ya Oscar kwa kumwigiza Malkia Elizabeth wa Kwanza, nafasi ambayo kwenye skrini haizidi dakika nane. Ameteuliwa kwa tuzo hiyo mara 8, ya mwisho akiwa na miaka 87.

Dakika nane hizo ni mahubiri tosha, na Luka 16:10, ya mwaminifu katika lililo dogo, iko tayari. Leo nataka tuseme juu ya macho.

Mwaka 2012 alisema hadharani kwamba ana ugonjwa wa makula unaokuja na umri, ambao mama yake pia aliugua. Makula ni sehemu ndogo ya katikati ya retina, utando unaopokea mwanga nyuma ya jicho, nayo hutuwezesha kusoma, kutunga uzi kwenye tundu la sindano na kutambua sura ya mtu. Ikichakaa, katikati ya kila unachotazama huwa ukungu au giza, huku pembeni ukiendelea kuona. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kutembea nyumbani kwake bila kujikwaa, lakini ukurasa hausomeki. Kwa muda walimchapia maneno kwa herufi kubwa sana. Baadaye hata hizo zikashindwa, ikabidi binti yake au rafiki amsomee maneno yake tena na tena mpaka yashike.

Wajuao kazi hiyo huifanya kwa utaratibu. Msomaji huanza na maneno ya mwisho ya mwigizaji mwingine, yale yanayomwita huyu aongee, kisha husoma maneno yake kipande kimoja, cha pumzi moja tu. Mwenye kujifunza hurudia. Kikishika, kinaongezwa cha pili, na vyote viwili vinasemwa tangu mwanzo. Msomaji anatakiwa asome wazi, bila mbwembwe. Akitia huzuni yake au kicheko chake, mwenzake atameza sauti ya msomaji pamoja na maneno, na kuja kuitoa baadaye ni kazi kubwa. Kosa jingine ni kujifunza maneno yako pekee. Unayajua yote, ila siku ya siku hujui uanze lini. Tena wapo wanaojifunza wameketi kiti kimoja kila siku. Wakiinuka na kushika kikombe, maneno yanayeyuka. Ndiyo maana hurudiwa mtu akitembea, akikunja nguo, akiosha vyombo, hadi mikono iwe na shughuli yake na ulimi uendelee na yake. Na neno likikosewa, hurekebishwa papo hapo, kwa sababu lililokosewa mara tatu huwa nalo limeshakaririwa.

Maneno ya Shakespeare yana msaada wake. Mengi yamepangwa kwa mistari ya silabi 10, mapigo 5, kama utenzi wetu wenye mizani 8 katika kila kipande. Ukiruka neno, sikio linakushtaki. Mwaka 2023, akikaribia miaka 89, mama huyu aliulizwa kwenye runinga, akaighani soneti ya 29 (shairi fupi la mistari 14) ya Shakespeare yote, bila karatasi, kwa upole kama anazungumza, na ukumbi mzima ukanyamaza. Yale hakuyasoma wiki ile. Yalikuwa ndani, yamewekwa akiwa na macho yake.

Sasa niseme na sisi.

Mtu anakariri maneno ya kuigiza, tena ya mtu ambaye hakuwahi kuishi, mpaka yanakaa naye uzeeni. Sisi tunayaita maneno yetu ya uzima, na tumeyaachia simu. Sipingi Biblia ya kwenye simu, imewafikia wengi. Nasema tumeifanya ghala, na ghala la moyoni liko tupu. Hata kusoma mbele ya kanisa tumekuwa tunaona aibu kujiandaa. Mtu anaitwa asome somo la pili, anaanza kulitafuta akiwa tayari amesimama mbele, na akikutana na jina kama Nebukadneza anachechemea mpaka amalize. Katika Nehemia 8 walisoma torati kwa sauti ya kusikilika, wakaeleza maana, watu wakafahamu, wakalia. Ndugu msomaji, lisome somo lako nyumbani kwa sauti mara tatu tangu Alhamisi. Jua pumzi utaivutia wapi. Kuna mtu ameketi kiti cha tatu ambaye Jumapili ndiyo siku pekee anayolisikia Neno, kwa kuwa kulisoma hawezi tena.

Huyo ndiye hasa aliyeninyima utulivu wiki hii.

Katika kila jumuiya yetu yuko bibi au babu ambaye Biblia yake iko mezani, imefunikwa kitambaa, na haifunguliwi. Tunamtembelea, ndiyo. Tunapeleka kilo mbili za sukari, mche wa sabuni, tunaomba, tunapiga picha, tunaondoka. Hatumsomei. Warumi 10:17 inasema imani, chanzo chake ni kusikia. Sasa asikie kwa nani, ikiwa wenye macho tumeingia na kutoka bila kufungua hata ukurasa? Mwigizaji wa Uingereza ana mtu wa kuketi naye na kumrudishia sentensi ileile mpaka imkae. Mama yetu wa imani, aliyetufundisha kuomba, hana. Hili tuliungame.

Na tukienda, twende kwa akili. Ukiingia, taja jina lako. Ule mchezo wa kumsogezea mzee uso na kumuuliza, "Unanijua mimi ni nani?" uacheni kabisa. Mwenye ugonjwa wa makula uso wako ndio asiouona, kwa sababu uko katikati. Mnamwaibisha mbele ya wajukuu. Akikutazama kama anaangalia sikio lako au ukuta wa nyuma, hajakudharau wala hajapagawa. Anatumia ule upande wa jicho uliobaki.

Keti karibu, upande wa sikio lake zima, maana macho na masikio mara nyingi huzeeka pamoja. Usipige kelele. Shusha sauti na punguza mwendo. Sauti nyembamba ya juu ndiyo ngumu zaidi kwa masikio ya uzee. Taja kitabu na sura mara mbili kabla hujaanza. Soma Biblia aliyoizoea. Kama alilelewa na Union Version, ukimletea tafsiri mpya, hata iwe nzuri namna gani, atabaki msikilizaji tu, hawezi kuungana nawe. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Kisha fanya jambo ambalo redio na simu haziwezi kulifanya: acha sentensi katikati, ungoje. Sema, "Bwana ndiye mchungaji wangu," halafu nyamaza. Msikilize akiimalizia. Mtaona mtu aliyekuwa ameinama akinyoosha mgongo, kwa kuwa kwa mara ya kwanza wiki hiyo anatoa, hapokei tu.

Kabla hamjaondoka, ulizeni kuhusu macho yenyewe. Tumezoea kusema "ni uzee" na kuishia hapo, na kwa uvivu huo watu wanapofuka bure. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji na mtu akaona. Presha ya macho huiba uoni wa pembeni polepole bila maumivu. Kinachopotea hakirudi, lakini dawa huzuia kisiendelee. Ugonjwa wa makula una aina mbili. Mkavu huenda taratibu kwa miaka. Wa majimaji, ambapo mishipa midogo huvuja nyuma ya retina, unaweza kuharibu ndani ya wiki chache, na matibabu yake ni sindano ndani ya jicho, zinazorudiwa, zenye faida zikiwahi. Miwani mipya haiutibu wowote kati ya hiyo miwili. Mwambieni mzee afunike jicho moja, atazame fremu ya mlango au mistari ya daftari, kisha abadilishe jicho. Mstari ulionyooka ukionekana umepinda au umekatika katikati, huyo apelekwe kliniki ya macho wiki hiyohiyo, asingoje mavuno wala mwisho wa mwezi. Sigara nayo huongeza hatari ya ugonjwa huu, basi mwenye kuvuta aambiwe ukweli.

Zaburi yetu ya wiki ni ya 121. Ina mistari 8. Inafaa kukaririwa na wawili, kwa sababu karibu kila mstari una nusu mbili na ya pili humjibu mwenzake: mmoja aseme, "Jua halitakupiga mchana," mwingine ajibu, "wala mwezi wakati wa usiku." Jumatatu mistari 2 ya kwanza, na kila siku ongezeni 2, mkianza upya juu kila mara, hadi Alhamisi. Semeni usiku kabla ya kulala, na asubuhi jaribuni kabla ya kufungua kitabu. Penye pengo ndipo pa kufanyia kazi. Jihadharini na mstari wa 7 na wa 8. Yote miwili inaanza "Bwana atakulinda," na watu wengi wakifika hapo huruka kutoka "na mabaya yote" hadi "utokapo na uingiapo," wakiiacha "atakulinda nafsi yako" njiani. Anayesikiliza amsimamishe mwenzake papo hapo. Ijumaa semeni yote mkiwa mnafanya kazi za mikono, kupepeta mchele, kufagia, kupanga bidhaa.

Jumamosi mpelekeeni yule mzee. Biblia iwe mfukoni tu, kwa tahadhari. Tajeni majina yenu mlangoni, ketini, anzeni, "Nitayainua macho yangu niitazame milima," mkaiache nusu ya pili kwake.