Emplifaya yangu ya besi: ilianza kwa kuungua fyuzi

Napiga gita la besi kwenye kwaya ya kanisa hapa Mwanza, na jumamosi nikiitwa naenda kwenye maharusi, na miaka yote hiyo sikuwahi kuwa na emplifaya yangu. Nilikuwa nachomeka besi moja kwa moja kwenye miksa, fundi mitambo akipenda usikike unasikika, asipopenda basi siku hiyo umesimama pale mbele kama umeshika ufagio.

Sasa bwana, shemeji yangu akawa anarudi kutoka Marekani akanibebea kichwa cha emplifaya, yaani mashine yenyewe bila spika, vile vidogo vya kisasa, hakifiki hata kilo 3 na nyuma kimeandikwa wati 500. Furaha ile we acha tu. Nikachukua waya wa umeme wa kompyuta ya mezani maana tundu lake ni lilelile, nikachomeka ukutani, nikawasha, pa! Kimya. Kumbe kule kwao umeme ni volti 120, kwetu 230, na nyuma ya ile mashine kuna kiswichi chekundu cha kuchagua 115 au 230, unakisukuma kwa bisibisi, na mimi kwa papara zangu hata sikuigeuza kuangalia mgongo wake.

Mungu alinisaidia ilikuwa fyuzi tu. Nilitaka nikimbilie dukani ninunue inayofanana na ile iliyokatika, fundi niliyempelekea mashine akanizuia, akasema ukishahamia 230 umeme unaopita unapungua kama nusu hivi kwa hiyo na fyuzi inatakiwa ndogo zaidi, soma pameandikwa. Kweli, yangu imeandikwa ampea 10 kwa 115 na ampea 5 kwa 230, na mbele yake kuna herufi T, maana yake ni ile isiyo na haraka ya kukatika, kwa sababu hizi mashine zikiwashwa zinavuta umeme mwingi kwa mkupuo halafu zinatulia. Na kuna jirani alishanishauri ile fyuzi iliyokatika niizungushie karatasi ya pakti ya sigara, aisee, ningemsikiliza leo nisingekuwa na cha kuandika.

Boksi la spika sikuletewa, nilitengenezewa hapahapa, spika 2 za inchi 12, kila moja omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoukazia umeme). Zikiunganishwa sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, zinakuwa omu 4, na kichwa changu kimeandikwa kisishuke chini ya 4, kwa hiyo hapo imekaa barabara. Ila mimi nilikuwa nimenunua mita ya kupimia umeme na mwenye mita mpya huwa anapima mpaka vijiko, nikapima boksi ikasoma 3 na pointi kidogo. Nikarudi kwa fundi aliyelitengeneza nimevimba, namwambia mzee wangu spika ulizoniwekea sio, akacheka sana. Akachukua spika mpya kabisa ya omu 8 kutoka kwenye boksi lake, akaipima mbele yangu, ikasoma 6. Akaniambia kijana wangu, mita yako inapima waya uliolala, muziki ukipita mle ndani waya unakaza zaidi, ile 8 ni ya kazini. Tangu hapo ya 8 nikiiona inasoma 6 na ya 4 inasoma 3 na kitu nalala usingizi.

Somo hilo lilikuja kunisaidia kwa kuchelewa. Harusi moja jamaa wa muziki akasema boksi lako dogo ukumbi mkubwa, ngoja nikuongezee langu, nalo la omu 4. 4 na 4 sambamba ni 2. Tulipiga nyimbo mbili nzuri tu, maharusi ndo wanaingia, taa nyekundu ikawaka na besi ikakata, mashine imejizima yenyewe ijilinde. Na kumbe siku hiyohiyo waya niliotumia kutoka kichwani kwenda kwenye boksi ulikuwa waya wa gita, jeki zinafanana kwa hiyo unadhani ni kitu kimoja. Nilipoushika ulikuwa wa moto. Waya wa gita ndani una uzi mwembamba umezungushiwa wavu wa kuzuia kelele, kazi yake ni kubeba sauti ndogo kutoka kwenye gita. Wa spika unabeba mzigo, unatakiwa mnene nyuzi 2 zilizo sawa. Siku hizi natumia wenye kichwa cha spikoni, unaingiza unazungusha unajifunga, hata mtu akiukanyaga hautoki.

Sasa niseme kilichonisumbua kuliko vyote, maana hayo mengine ni ya siku moja moja, hili lilinila karibu mwaka. Sauti. Nyumbani nilikuwa naipanga vizuri mno, nobu ya besi, yaani sauti za chini, mwisho, midi, zile za kati, nimeshusha, trebo, zile za juu, imepanda kidogo, nikigusa waya wa E vikombe kabatini vinaitikia. Nikienda kanisani na mpangilio uleule, kwaya ikianza tu, besi haipo. Naongeza sauti, haipo. Naongeza tena, mama mmoja wa kiti cha mbele anahama. Mwalimu wa kwaya akaja akaniambia neno ambalo sijalisahau, "Mimi nasikia benchi linatetemeka, ila noti siisikii."

Nikadhani mashine ni dhaifu. Nikaanza hata kuulizia bei ya kubwa zaidi, bila kujua kwamba ukitoka wati 500 kwenda 1000 unaongeza desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti, sikio linaona kama imepanda kidogo hivi basi.

Waya wa E ukiupiga mtupu, bila kuubonyeza, unatoa hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na spika za inchi 12 kwenye boksi dogo kama langu hezi 41 zinazitoa kwa shida sana. Unachosikia wewe ukasema hii ni E ni zile sauti za juu yake, 82, 123, na kuendelea. Mimi nilikuwa nashusha midi, yaani nafuta palepale sikio linapoitambua noti, halafu naongeza kule chini ambako spika inatapatapa tu, na kule chini nako kuna ngoma kubwa inapiga na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unang'ang'ania hapohapo. Watatu kwenye kiti kimoja.

Nikaanza upya. Nobu zote katikati, zinaangalia juu, saa sita kamili. Masta, nobu ya sauti yote inayotoka, chini. Halafu geini, nobu ya sauti inayoingia kutoka kwenye gita, na hapa watu wengi wanakosea, wanajaribu kwa kugusagusa waya kama wanatekenya mtoto, halafu sebene likikolea mkono unapiga mara tatu ya pale na sauti inapasuka. Piga kwa nguvu zako za sebene, pandisha geini mpaka kile kitaa cha kuonya sauti imezidi kianze kupepesa, rudisha kidogo, iache hapo. Ndo sasa unapandisha masta. Baada ya hapo nobu ya besi nikairudisha nyuma kidogo tu, midi nikaisogeza kwenye maeneo ya hezi 400 mpaka 800 nikaiongeza. Ukiisikiliza peke yake ni mbaya, kama mtu anaongea ameziba pua, mwenyewe nilikunja uso. Lakini kwaya ilipoingia na ngoma na kinanda, besi ikakaa katikati yao inaongea, kila noti naijua, na masta haikufika hata nusu.

Na boksi nilikuwa naliweka chini kwenye kona. Kona inaongeza besi, kuta 2 na sakafu zinairudisha, inavimba. Halafu mimi nimesimama mita moja mbele yake, spika zinapiga magotini, masikio yako juu huko, ndo maana kila siku nilikuwa mimi wa kwanza kusema sijisikii na wa mwisho kuambiwa punguza. Nikaliondoa ukutani, nikaliweka juu ya kreti 2 za soda, spika zikaangalia masikio yangu. Sijatumia hata senti hapo.

Ukumbi mkubwa namwachia fundi mitambo achukue laini, ule waya wa kupeleka sauti kwenye miksa, nyuma ya kichwa cha emplifaya, ila nahakikisha kiswichi cha hapo kimekaa kwenye kutoa sauti kabla ya nobu, la sivyo kila nikigusa midi yangu jukwaani na yeye kule mbele inambadilikia, mtagombana. Jenereta ikiwashwa na kukaanza kunguruma mmmm, kuna kitufe palepale cha kutenganisha ethi (waya wa ardhini) ya laini, unabonyeza kunatulia. Kung'oa pini ya ethi kwenye plagi ya umeme hapana, nimeona mtu amerushwa na waya za gita lake mwenyewe.

Kuwasha naiwasha mwisho na kuzima naizima kwanza, ili ule mshindo wa miksa usipite kwenye spika. Na besi yangu ya sasa ina betri ya volti 9 ndani, ukiacha jeki imechomekwa betri inaliwa hata kama hupigi, ikikaribia kwisha inakoroma.

Nobu nimezibandikia vipande vya tepu nyeupe, kila moja ilipo, maana kuna dogo anapokezana na mimi ibada ya pili. Tepu ya geini ipo, ya midi ipo, ya masta ipo. Ya besi kila jumapili naikuta imebanduliwa na nobu iko mwisho.