Risiti ya mahamri

Fomu ya kurejesha masurufu ina safu nne: tarehe, maelezo, kiasi, namba ya risiti. Hiyo ya nne ndiyo iliyoninyima usingizi wiki nzima. Chama chetu cha wakulima hapa Wundanyi kilinipa shilingi 6,000 za siku mbili Mombasa, nami nikarudi na risiti mbili tu: ya chumba cha kulala pale Mwembe Tayari, na ya dawa ya tumbo. Hiyo ya dawa nitaieleza. Pesa nyingine nilizila.

Mimi ni karani. Napima mboga, naandika. Miaka mitatu nimeandika neno Kongowea kwenye daftari bila kuliona soko lenyewe: hoho kreti kumi, Kongowea, kabichi magunia manane, Kongowea. Bei ya hoho iliposhuka mara tatu mfululizo, kamati ikaamua mtu ateremke akajionee. Wazee wakatazamana, kisha wote wakanitazama mimi. Sijawahi kutumwa kikazi mbali zaidi ya Voi.

Niliondoka na kenta ileile ya mboga, saa mbili usiku, nimebanwa katikati ya dereva na utingo. Mama alinifungia kimanga na mayai manne ya kuchemsha, maana yeye anaamini Mombasa hakuna chakula cha kumshibisha mtu, kuna vitu vya kuchezea meno tu. Kwa asiyekijua, kimanga chetu ni mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja mpaka mwiko unasimama wenyewe. Nilikuwa na mpango wa siri: nile kimanga siku zote mbili, posho ibaki mfukoni. Mazeras nikavua sweta. Changamwe nikavua soksi. Tulipovuka daraja la Nyali, saa tisa na nusu, kimanga kilikuwa kimeanza kutoa harufu ya togwa.

Kongowea saa hizo ni mchana. Taa, mikokoteni, hamali anakupigia kelele upishe njia na gunia liko shingoni kwake. Kabla dereva hajazima gari, dalali mmoja alishafunua kreti, akabonyeza hoho kwa dole gumba, akasema, "Zimelala hizi." Hazikuwa zimelala. Mimi nilizipima mwenyewe jioni ile. Hatua thelathini mbele nilizikuta hoho hizohizo kwenye meza ya mtu mwingine kwa bei mara mbili, na sasa zilikuwa "za leo leo kutoka Taita". Mambo hayo nimeyaandika kwenye ripoti ya kamati, kurasa tatu, siyarudii hapa.

Kulipopambazuka utingo akanipeleka kwa mama mmoja nyuma ya soko, mwenye karai pana na benchi la mbao. Donge la unga lilikuwa limelala usiku kucha likiumuka, lina iliki na tui ndani yake. Anasukuma duara, anakata mara nne, anatosa vipande kwenye mafuta. Kisha anavimwagia mafuta juu kwa upawa, na hapo hamri linafura tumbo kama chura aliyekasirishwa. Ukilipasua, ndani ni hewa tupu na mvuke wa iliki.

"Wataka na mbaazi?"

Mbaazi nimezila tangu utotoni. Kwetu zinachemshwa na chumvi, wakati mwingine na mahindi, na huliwa kwa sababu hakuna kingine. Nikamwambia, "Mama, mbaazi nimezizoea. Nipe chai tu."

"Umezizoea za vipi?"

"Za kuchemsha."

"Na nazi?"

"Bila nazi."

Akamgeukia mwenzake wa uji. "Hebu njoo umsikize huyu! Mbaazi bila nazi!" Mwenzake akaja kweli, na sufuria mkononi, akanitazama kama mtu aliyefiwa. "Kaa hapo, mwanangu," mama akasema, akanichotea bakuli bila kuniuliza tena.

Sijui nisemeje. Zilikuwa mbaazi zilezile, lakini zimelowa tui zito mpaka zimekuwa laini kama siagi, zina manjano kidogo, kitunguu kimeyeyuka humo humo, na juu inaelea pilipili moja ya kijani ambayo haikupasuliwa. Unamega hamri, unachota, utamu wa hamri unakutana na chumvi ya mbaazi, na unatafuta kingine cha kumega kabla hujameza. Mama alinieleza kwamba siri ni kuchuja nazi mara mbili: tui la pili, lile jepesi, ndilo la kuchemshia, tui la kwanza linaingia mwisho, na hapo moto uwe mdogo, usiache kukoroga, lisije likakatika.

Ukarani ni ugonjwa. Nikamwuliza kilo moja inatoa bakuli ngapi. Akasema kumi, au kumi na mbili zikiwa mbaazi nzuri. Bakuli ni shilingi 50. Mkulima wetu wa upande wa Mwatate akimuuzia dalali kilo hiyo, hapati bei ya bakuli mbili. "Na hizi unazitoa wapi, mama?"

"Huko juu kwenu. Si umesema Taita?"

Nilitaka kusema kitu, ila mdomo ulikuwa umejaa.

Wakati wa kulipa nikaomba risiti. Akacheka hadi akaushika ukingo wa meza. "Risiti ya mahamri? Andika wewe mwenyewe, mimi nitie dole." Basi nikaandika kwenye kipande cha gazeti la kufungia: mahamri 6, mbaazi bakuli 2, chai 1, jumla 190. Akatia dole, lote mafuta.

Mchana nilikuwa na miadi na mpishi wa hoteli moja Mji wa Kale. Nilifika na daftari wazi, akalifunga kwa mkono wake, akanisogezea sahani ya wali wa nazi na kolekole wa kupaka. "Kula kwanza. Mboga zako zitaoza, maneno hayaozi." Nikala. Tulipomaliza, akataka dania na hoho mara mbili kwa wiki, moja kwa moja, bila dalali. Mazungumzo yote hayakufika dakika kumi.

Jioni nilitembea mpaka karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo mimi, nakiri, niliitazama nikiwa nimeshika viazi karai vya moto. Viazi vimevikwa unga wa manjano, vinachovywa kwenye ukwaju wenye pilipili ya kutoa machozi. Nikaongeza mishkaki miwili, halafu miwili tena. Nikanywa kahawa chungu ya tangawizi kwenye kikombe kisichojaa kiganja. Halua sikuimaliza; tamu mno, na watu wa Pwani wanisamehe.

Sasa ile dawa. Kila ninayemsimulia anaitupia lawama pilipili ya ukwaju. Si pilipili. Saa sita usiku, chumbani Mwembe Tayari, nilikikumbuka kimanga cha mama. Kilikuwa kimechacha waziwazi, lakini ningewezaje kutupa chakula ambacho mama alikiponda kwa mikono yake? Nikakila. Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa muuza dawa. Mama akiuliza, ilikuwa pilipili.

Leo nimeipeleka fomu. Mweka hazina wetu ni mwalimu mstaafu, hapitishi hata nauli ya bodaboda bila karatasi. Akakipokea kipande cha gazeti, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akalichunguza dole la mafuta. Akakinusa. Kisha akavaa miwani, akasoma polepole, kidole chake kikasimama kwenye mstari wa kwanza.

"Mahamri sita," akasema. "Peke yako?"