Ndovu wa Shilingi Ishirini

Huu ni mwezi wa nane tangu nihamie Lamu, na mkono wangu ndio kwanza unaanza kuijua pesa ya hapa.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu noti ya 1,000 ni buku, pesa inayotoka bila kufikiriwa: soda, vocha, nauli ya karibu. Basi wiki ya kwanza, hapa mtaa wa Langoni, nilichukua mahamri manne na sahani ya mbaazi kwa mama mmoja anayeuza mlangoni kwake. Nikampa noti ya 1,000, nikamwambia chenji ni yake. Nilishafika konani niliposikia naitwa.

"Ndoo, mwanangu, ndoo!" Yaani njoo, kwa Kiswahili cha Lamu.

Akanishika mkono, akanihesabia kiganjani kwa sauti: mia tano, mia mbili, mia mbili nyingine, na ishirini. Shilingi moja ya Kenya ni karibu 20 za kwetu. Nilikuwa nimelipa karibu 20,000 kwa chai ya asubuhi. Angeweza kunyamaza yule mama. Kila nikipita kwake namwamkia kwa moyo wote.

Tangu siku hiyo nikawa nazidisha kila kitu mara 20, hata kitunguu. Kilichonisumbua zaidi ni wanyama. Kwenye noti zetu simba yuko kwenye 2,000, kifaru kwenye 5,000, tembo kwenye 10,000. Hapa wote wamo kwenye sarafu: kifaru 5, simba 10, ndovu 20. Kwetu kifaru anamzidi simba, hapa simba kampita. Ijumaa nikitoa sadaka nilikuwa naificha ile sarafu ya ndovu ndani ya ngumi, naona haya, kwa kuwa kwetu shilingi 20 humpi mtu. Kumbe ni kama 400, na hapa ni mahamri mawili, mtoto anakunywa chai. Ilinichukua miezi kuifungua ngumi.

Mzee mwenye nyumba yangu anasema ujanani mwake hesabu hizi hazikuwepo. Shilingi ilikuwa moja, ya Afrika Mashariki, mpaka 1966 kila nchi ilipotoa yake. Baharia wa Lamu akishuka Tanga anaingia sokoni na pesa ile ile aliyoondoka nayo. Anaposimulia haya huwa anaangalia baharini, na mimi humwacha aangalie.

Siku hizi sizidishi tena. Sikujua kwamba nimeacha, mpaka juzi mdogo wangu alipopiga simu kutoka nyumbani. Alikuwa anaomba 50,000, ya sare na madaftari ya mtoto. Nilinyamaza. Kichwani mwangu hiyo ilikuwa kodi ya chumba changu ya miezi na miezi, nikawa najiuliza ataitoa nani. Kimya kilipozidi akasema taratibu, "Basi dada, kama mambo si mazuri usijali, tutaangalia."

Ndipo nikakumbuka kugawanya. Ni 2,500.

Nilimtumia usiku ule ule, nikaongeza na ya viatu. Akashukuru sana, akaniombea dua. Lakini ile "basi dada" yake, na jinsi sauti ilivyoshuka, bado ninayo masikioni.