Chupa ya Maji na Jicho la Mwamuzi

Mwaka juzi nilijitolea kusimama kwenye meza ya maji katika mbio za nusu marathoni, karibu na kilomita ya 14. Kwa muda wa saa moja niliwaona wakimbiaji watatu wakipokea chupa kutoka kwa jamaa zao waliokuwa wakiwafuata kwa bodaboda. Aliyeondolewa ni mmoja tu, yule ambaye chupa yake ilitolewa mbele ya gari la waamuzi. Siwezi kusema alionewa, kwa kuwa kosa alilitenda. Lakini mmoja wa wale wawili waliobaki alipanda jukwaani kupokea zawadi, nami nikampigia makofi pamoja na umati.

Katika maandishi, kanuni ya Shirikisho la Riadha Duniani haina utata mwingi. Kinywaji huchukuliwa kwenye vituo rasmi, na anayekipokea kwingine huonywa kwanza, kisha huondolewa akirudia. Asiyeshiriki mbio hana ruhusa ya kumwekea mtu kasi, yaani kumwongoza ili afuate mwendo fulani. Aliyeanguka anaweza kuinuliwa na mwenzake hadi asimame, ila asishikwe ili asonge mbele.

Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi. Katika mchujo wa mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Abbey D'Agostino wa Marekani na Nikki Hamblin wa New Zealand waligongana wakaanguka, wakainuana na kutiana moyo hadi mwisho. Waamuzi waliwapeleka wote wawili fainali. Miaka mitatu baadaye, kwenye Mashindano ya Dunia mjini Doha, katika mchujo wa umbali huohuo, Braima Suncar Dabó wa Guinea-Bissau alimkuta Jonathan Busby wa Aruba amelegea kabisa, akamshika na kumkokota hadi mstari wa kumalizia, zikiwa zimepita dakika kadhaa tangu mshindi afike. Matokeo ya Busby yalifutwa. Dabó aliandikiwa muda wa 18:10.87 na baadaye akapewa tuzo ya uungwana michezoni. Naelewa tofauti ya kumwinua mtu na kumsogeza. Nisichokielewa ni vipi tendo moja limfutie mmoja matokeo na kumpa mwenzake tuzo, hasa ikiwa aliyefutiwa hakuwa na nguvu hata ya kuukataa mkono ule.

Tena, mara nyingine msaada hutoka kwa waamuzi wenyewe: mwaka 1908 kwenye Olimpiki ya London, maofisa walimwinua Dorando Pietri wa Italia alipokuwa akianguka uwanjani, wakamsindikiza hadi mwisho wa marathoni, kisha akanyang'anywa ushindi kwa sababu ya msaada huohuo.

Sasa tuutazame msaada unaolipiwa. Mwaka 2003 Paula Radcliffe wa Uingereza alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25, akiwa na wanaume walioajiriwa kumwekea kasi. Mwaka 2011 shirikisho liliamua muda wa namna hiyo usihesabiwe kuwa rekodi ya dunia, na kabla mwaka huo haujaisha likalegeza msimamo na kumwachia rekodi yake. Joshua Cheptegei wa Uganda alipoweka rekodi ya mita 5,000 mjini Monaco mwaka 2020, dakika 12:35.36, taa zilizopangwa ukingoni mwa njia zilikuwa zikimwonyesha kasi aliyoihitaji. Hakuna aliyevunja kanuni hapo: waweka kasi huandikishwa na kuvaa namba, na taa zimeruhusiwa. Simnyimi Cheptegei sifa yake hata kidogo. Ila mkimbiaji wa mtaani anayepewa maji na kaka yake, kwa kuwa meza ya kilomita ya 10 ilikwisha maji, anaitwa mdanganyifu, na neno hilo humfuata hadi nyumbani.

Mwaka huu nimeombwa tena kusimama mezani. Nilimwuliza mratibu nimjulishe nani nikiona chupa ikitolewa kwenye bodaboda, na iwapo yeyote atakayeonekana ataandikwa, hata akiwa anaongoza. Aliahidi kunijibu. Zimebaki wiki mbili.