Jinsi Pointi za Kadi Zilivyotufikisha Moshi Kula Krismasi

Mchaga aliye ugenini anaujua uzito wa Desemba. Ndugu wote wanapanda Kilimanjaro, mbuzi anachinjwa, na asiyekuwepo anaulizwa kwa jina. Sisi tunaishi Houston, Texas, na kwa miaka mitano mfululizo tulikuwa tukiulizwa, kwa sababu tiketi za msimu huo zilikaribia dola 1,900 kwa mtu mzima, nasi tuko wanne. Desemba 2023 tulikwenda sote, na tiketi tatu kati ya nne zililipiwa kwa pointi za kadi ya mkopo, yaani zawadi ambayo benki hukupa kadiri unavyolipia vitu kwa kadi yake. Ninaandika kwa furaha, lakini pia kwa uchungu wa ushauri mbaya niliopewa mwanzoni.

Mwenzangu kazini, aliyekaa Marekani miaka mingi kuliko mimi, aliniambia nisilipe deni lote la kadi, bali niache salio kidogo kila mwezi ili rekodi yangu ya krediti, yaani alama zinazoonyesha jinsi ninavyolipa madeni, ipande. Nilimwamini. Karibu mwaka mzima nilibeba deni la dola elfu moja hivi kwa riba iliyozidi asilimia 20, na nilipopiga hesabu nilikuta pointi zangu zina thamani ya dola sabini, ilhali riba niliyolipa ilikaribia dola mia mbili. Rekodi ya krediti haihitaji riba hata senti moja. Inahitaji ulipe kwa wakati na usitumie sehemu kubwa ya kiwango ulichoruhusiwa. Tangu hapo benki inakata salio lote yenyewe kila mwezi. Anayeona hawezi kufanya hivyo, namsihi asiziguse kadi hizi kabisa.

Mwanzoni mwa 2022 nilichukua kadi ya benki ya Chase iitwayo Sapphire Preferred, ambayo ada yake ni dola 95 kwa mwaka. Zawadi ya kujiunga ilikuwa pointi 60,000, kwa sharti la kutumia dola 4,000 ndani ya miezi mitatu. Sharti hilo ndilo linalowaponza wengi, kwa maana hununua televisheni wasiyoihitaji ili wafikishe kiasi. Mimi nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya kijana wetu mmoja hapa mjini, na michango ilikuwa ikiingia kwangu. Niliwaeleza wanakamati waziwazi kwamba ningependa kulipia chakula kwa kadi yangu kisha nijirudishie kutoka kwenye michango, risiti zote zikiwa mezani, nao wakakubali bila kinyongo. Mpishi alipokea kadi bila kuongeza chochote, na bili yake peke yake ilizidi dola 2,600. Mwenye ukumbi alitaka asilimia 3 juu, nikamlipa kwa hundi, kwani ada ya namna hiyo inakula faida yote. Bima ya gari ya miezi sita, ambayo ningeilipa vyovyote vile, ikamalizia kiasi kilichobaki. Fedha za harusi zililipa deni la kadi wiki ileile, wala hakuna aliyepungukiwa na senti. Naona fahari kwa jambo lile hadi leo. Ila usijaribu kutuma fedha nyumbani kwa kadi ya mkopo ukidhani unakusanya pointi, kwa sababu mara nyingi benki huhesabu kuwa umechukua taslimu, na riba huanza siku hiyohiyo.

Baada ya hapo nilimwalika mke wangu achukue kadi yake mwenyewe. Mimi nilipata pointi 15,000 kwa kumwalika, naye akapata 60,000 zake kwa ada za shule na matumizi ya nyumbani, kisha tukaziunganisha, kwa kuwa benki inaruhusu watu wa nyumba moja kufanya hivyo. Kufikia mwisho wa mwaka tulikuwa na pointi takribani laki moja na elfu sabini.

Ukizigeuza pointi hizo kuwa fedha, kila moja ni senti moja tu. Sisi tulizihamishia Flying Blue, mpango wa maili wa mashirika ya ndege ya Air France na KLM, ambapo maili ni pointi za kulipia tiketi, pointi moja kwa maili moja, na hatukuhamisha mpaka tulipoziona nafasi zenyewe, kwa sababu zikishahama hazirudi. Usiku mwingi mke wangu alikaa akifungua kalenda siku baada ya siku, karibu miezi kumi na moja kabla ya safari, hadi alipopata Houston, Amsterdam, Kilimanjaro kwa maili kama 33,000 kwa njia moja. Ndipo alipogundua jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa mtu yeyote: watoto wa miaka 2 hadi 11 hupunguziwa robo ya maili. Wetu walikuwa na miaka saba na kumi. Punguzo hilo ndilo lililotutosheleza. Kodi na ada zilikuwa kama dola mia tatu kwa kila tiketi, tiketi yangu, ile ya nne, nikailipa taslimu, na bado tuliokoa kama dola elfu nne.

Kuna faida nyingine niliyoijua kwa shida. Mwaka 2022 nilikwenda peke yangu kumzika baba mkubwa, na begi langu likachelewa siku mbili. Kadi yangu ya Chase hurudisha hadi dola 100 kwa siku, kwa siku tano, begi likichelewa zaidi ya saa sita, alimradi nauli umeilipia kwa kadi na una risiti. Shati la kuvaa msibani ningelipata kwa bei nafuu soko la Memorial pale Moshi, lakini pale hakuna risiti, kwa hiyo nilinunua dukani mjini, nikasubiri risiti ya mashine ya EFD, ile ya kodi, na kuipiga picha palepale kabla wino haujafifia. Zote zililipwa.

Tuliporudi Houston Januari, mke wangu alibadilisha kadi yake kuwa ile isiyo na ada ya mwaka. Yangu nimebaki nayo, maana bibi yao ameshawauliza watoto watarudi lini.